Sahani za kwanza za Siti binti Saad na mahakimu wake

Mwaka 1928 yalitendeka mambo mawili ambayo mwalimu wa Kiswahili angepaswa kuyafundisha katika somo moja, ingawa desturi yetu ni kuyatenga. Mwezi wa Juni mwaka huo wajumbe kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja walikutana hapa Mombasa, wakakata shauri kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na cha shule. Mwaka huo huo mwanamke wa Unguja aliyekuwa akikaribia umri wa miaka hamsini alivuka bahari pamoja na wapigaji wake wa ala hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, kisha akarejea kwao. Mkutano ule wanafunzi wetu huukariri kwa ajili ya mtihani. Safari ile huachiwa kurasa za burudani, kana kwamba haina lolote la kuwafunza watu wa lugha.

Mwanamke huyo ni Siti binti Saad, na nyimbo alizozitia katika sahani za santuri mwaka ule ndizo zilizomfanya awe mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa sauti yake kwa biashara. Vijana wa huku kwetu Airport, Changamwe, ambao ngurumo za ndege ndizo jogoo wao, huiona kazi ya kwanza ya mwimbaji kuwa ni jambo la siku chache: kijana hurekodi usiku, na kabla ya juma kwisha wimbo wake umo katika kila simu mtaani, na kila mwenye simu amekwisha kumsifu au kumtukana. Siti hakubahatika kuianza kazi hiyo ujanani, wala hapakuwa na ndege ya kumchukua. Kiwanja hiki cha Port Reitz hakikujengwa mpaka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Yeye alipanda meli. Hata hivyo sifa na matusi aliyapata kwa wingi, na hukumu waliyoitoa watu wa zama zake juu ya sahani zile inastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko tunavyoichunguza.

Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi na ya mama yake Uzigua. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali Unguja, nao haukupigwa marufuku mpaka mwaka 1897, kwa hiyo jina hilo halikuwa mzaha wala mapambo. Lilimwambia kila aliyelisikia mahali pa mtoto yule katika ngazi za jamii. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alijifunza kazi hiyo, na alipokua akawa anavichukua vyungu na mitungi kwenda kuvitembeza mjini, akivinadi kwa sauti. Waliomsikia mapema zaidi, basi, hawakumsikia ukumbini. Walimsikia njiani, akiuza vyungu, na yasemekana wengine walikuwa wakimtambua kwa mbali kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 aliihama shamba akaingia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu aliyekuwa katika chama cha taarabu, ambaye aliitambua thamani ya sauti ile akamfundisha kuimba kwa ala. Alijifunza pia kusoma Kurani, akawa msomaji mzuri. Hapa yafaa msomaji akumbuke taarabu ilikuwa kitu gani siku hizo. Iliingia Unguja katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ambaye alimtuma mtu wake Misri akajifunze kupiga ala. Ilikuwa starehe ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu, na vyama vyake, kama Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905, vilikuwa vya wanaume. Wengi wa waliokuwa wakiisikia hawakuyafahamu maneno yake, ila walistahi kutofahamu kwao, kwa maana lugha ile ilikuwa ya wakubwa. Mwanamke, tena wa shamba, tena mwenye jina la Mtumwa, kuingia humo na kuimba kwa Kiswahili, ni sawa na mtu aliyeingia sebuleni kwa mlango usio wake.

Jina la Siti alipewa mjini. Ni neno lililotoka Kiarabu lenye maana ya bibi au mwanamke wa heshima. Ni mara chache mtu kubadilishiwa jina kukawa na uzito mkubwa namna hiyo: Mtumwa akawa Bibi, na aliyempandisha cheo ni koo lake. Alijiunga na wapigaji waliokuja kuwa mashuhuri pamoja naye, akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk. Huyu Mbaruk alikuwa kipofu, naye alikuwa mtu wa Mombasa. Nalitaja hilo kwa sababu tuna tabia ya kuyasoma mambo ya Siti kama ya kisiwa cha jirani, ilhali mkono wa mwenzetu ulikuwamo katika muziki wake.

Nyumba ya kikundi kile ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na makazi ya watu wa kawaida. Huko waliishi wengi waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa, mafundi, wachukuzi, wauza samaki na wafinyanzi. Ni huko ambako mwaka huo huo wa 1928 wapangaji wa viwanja waligoma kulipa kodi ya ardhi. Siti aliitwa kasrini kumwimbia Sultani Khalifa bin Harub na wageni wake, naye alikwenda; lakini baada ya hapo alirudi Ng'ambo, ambako watu walikusanyika jioni kumsikiliza, na ni mambo ya watu hao yaliyoingia katika nyimbo zake. Mashuhuri zaidi kati ya hizo ni ule unaomhusu Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akatorokea bara, huku wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu ndio wakafikishwa mbele ya sheria. Wimbo ule ni malalamiko dhidi ya mahakama, yametungwa na kuimbwa na watu wasiokuwa na wakili. Wanafunzi wanaoambiwa kwamba taarabu ni nyimbo za mapenzi na mipasho tu wangefaidika kuutafakari.

Sasa tuyatazame maneno ya wapinzani wake. Siku zile hapakuwa na ukurasa wa gazeti wa kupima muziki wa Kiswahili. Uhakiki ulifanywa barazani, penye kahawa, na hasa kwa mashairi ya kujibizana. Wapinzani wa Siti walitunga beti za kumshusha. Hoja yao ilikuwa moja, nayo haikuhusu muziki hata kidogo: walitaka kujua mwanamke huyu amekuwa mtu tangu lini, ametoka ukoo gani, na uso wake una uzuri gani. Yeye aliwajibu kwa wimbo, akaeleza kwamba sura na nasaba havimfaidii mtu asiye na akili. Jibu hilo limesifiwa mara nyingi kwa ujasiri wake. Mimi nalisifu zaidi kwa mantiki yake, maana liliurudisha mjadala mahali pake. Hakudai kwamba ni mzuri, wala hakujitungia nasaba. Aliikataa mizani yenyewe.

Na hapo ndipo sahani za Bombay zinapokuja kuwa na maana ambayo, naamini, hata kampuni yenyewe haikuiona. Siti alikuwa akiimba amejifunika. Watu walimsema kwa uso ambao wengi hawakuuona sawasawa. Santuri ilikwenda mbali zaidi: ilimwondoa mwimbaji mzima, kwa uso, mavazi, kabila na kijiji chake, ikabakisha sauti peke yake, pamoja na udi na fidla. Mtu aliyekuwa Lamu, Tanga au Kampala, akizungusha mpini wa gramafoni, hakuwa na njia ya kumhukumu binti wa mfinyanzi ila kwa alichokisikia. Waliomdhihaki Unguja walikuwa na macho na kumbukumbu za jina la zamani. Wasikilizaji wapya walikuwa na masikio tu.

Haikuwa kazi nyepesi. Sahani za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua yapata dakika tatu. Ukumbini wimbo wa taarabu hauna haraka. Ala hutangulia, kiitikio hurudiwa, mwimbaji hulivuta neno moja mpaka watu wainuke kutunza. Huko Bombay ilibidi wimbo ukatwe ubakie kiini, beti nyingine ziachwe au zihamishiwe upande wa pili, na kila mtu asogee karibu na kinasa sauti asikohoe. Asiyezoea sahani hizo huona kwamba zimefupishwa mno. Naam, zimefupishwa, ila ufupi huo ndio uliozifanya ziweze kushikwa na kukaririwa na watu ambao hawajapata kuingia ukumbi wowote.

Zilipofika madukani, zilinunuliwa kwa kasi ambayo wenye kampuni hawakuizoea katika pwani hii. Kabla ya hapo sahani zilizouzwa huku zilikuwa za Misri na za Bara Hindi. Siti na wenzake waliitwa tena Bombay mwaka 1929, na kufikia 1930 kampuni shindani zilikuwa zimetuma mafundi na mitambo yao Afrika Mashariki ili nazo zipate fungu. Kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa sahani za Siti na wenziwe zipatazo 72,000. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilionyesha kwamba Unguja na Pemba kwa pamoja zilikuwa na watu wapatao 235,000, wakubwa kwa wadogo. Ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya sahani zile zilivuka kwenda mwambao na bara. Wala idadi ya sahani si idadi ya wasikilizaji. Gramafoni moja katika mkahawa ilikuwa mali ya mtaa mzima, na sahani moja iliweza kuchezwa mpaka sindano ikauchimba mfereji wake.

Hiyo ndiyo hukumu iliyotolewa na wengi, na nadhani wasomi wetu wameipuuza kwa sababu haikuandikwa. Mtu anayetoa fedha za mshahara wa kibarua kununua sahani ametoa maoni yake kwa namna nzito kuliko mwenye kutunga ubeti wa dhihaka akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Kweli, wingi wa mauzo peke yake si ushahidi wa ubora. Tumekwisha kuona, na tutazidi kuona, takataka zikinunuliwa kama chapati za moto. Lakini takataka husahauliwa baada ya miezi sita. Nyimbo hizi zingali zikiimbwa na kuchambuliwa baada ya karibu miaka mia moja.

Nirudi katika mkutano wa Mombasa. Sisi wakazi wa mji huu tuna kinyongo cha zamani juu ya uamuzi ule, na sidhani kuwa ni kinyongo cha bure. Kimvita kilikuwa lugha ya Muyaka bin Haji na ya ushairi uliopevuka kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kuweka ofisi huku. Wajumbe walikichagua Kiunguja hasa kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kusambaa bara kwa njia ya misafara ya biashara na kwa matumizi ya serikali katika Tanganyika. Sisemi kwamba Siti ndiye aliyeupindisha uamuzi. Safari yake na kikao kile vilitokea mwaka mmoja, na hakimu wa lugha hakuhitaji santuri. Ninachosema ni hiki: kamati iliweza kuamuru vitabu vichapishwe kwa Kiunguja, bali haikuweza kuamuru watu wakipende. Sahani zilifanya kazi hiyo bila amri. Mtu wa Kisumu au wa Ujiji ambaye hajaona kitabu cha shule maishani mwake aliweza kuyajua maneno ya Unguja na lafudhi yake kwa sababu aliyasikia yakiimbwa.

Na Kiunguja kilichosikika humo kilikuwa kipi? Hapa ndipo ninapotaka walimu wanisikilize hata kama hawatakubaliana nami. Kilikuwa Kiswahili cha Ng'ambo, cha watu wenye majina kama Mtumwa, chenye mafumbo ya mtaani, maneno ya Kiarabu yaliyolainishwa na ulimi wa watu wa bara, na mizaha ambayo mgeni haielewi mpaka aulize. Lugha hiyo hiyo ilipopita mezani kwa maofisa na wamisionari ili isanifishwe, ilitoka imenyooshwa, imepunguzwa chumvi, ikavikwa suruali ya ofisini. Nasi tuliosomeshwa kwa vitabu vyake tumefikia hatua ya kumsahihisha mtoto kwa wino mwekundu anapoandika neno lililo hai, tukimwambia kwamba hilo si Kiswahili sanifu. Tunasahau kwamba usanifu wenyewe ulikopwa kwa wauza vyungu.

Kosa hilo limesaidiwa, bila kukusudia, na kitabu ambacho wengi wetu ndicho tulichomjulia. Marehemu Shaaban Robert alimwendea Siti katika siku zake za mwisho, akaandika wasifu wake, na hatuwezi kumshukuru vya kutosha. Bila yeye yumkini tungebaki na jina tu na sahani zenye mikwaruzo. Lakini Shaaban Robert alikuwa mtu wa maadili. Alimtazama Siti akaona kielelezo: subira, haya, ukarimu, bidii ya mnyonge aliyeinuka. Akampamba kwa sifa hizo mpaka mara nyingine mwimbaji anatoweka na kubaki mfano wa kuigwa. Mwanafunzi hukifunga kitabu akiwa anajua kwamba Siti alikuwa mwema, na bado hajui sauti yake ilikuwa nyembamba au nzito, alivyokuwa akiliingia neno kwa pumzi au kwa mtetemo, wala udi ulivyokuwa ukimjibu. Siitoi lawama hii kwa mwandishi, maana hakuna kalamu inayoweza kuyafanya hayo. Naitoa kwetu sisi tunaokifundisha kitabu kile kana kwamba ndicho Siti.

Ajabu ni kwamba heshima aliyonyimwa na watukufu alipewa baadaye na watu waliomwelewa kwa kazi yake. Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kwa jina la Bi. Kidude, ambaye alifariki mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na maisha yake yote aliimba nyimbo zilizokuwa za bibi huyo kwa sauti kavu isiyoomba radhi. Wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti. Wangeweza kuchagua jina la malkia au la mke wa kiongozi fulani, na majina hayo hayakuwa haba.

Siti mwenyewe alifariki tarehe 8 Julai 1950. Katika miaka yake ya mwisho sahani mpya zilikuwa zimekwisha kuchukua nafasi ya zile za kwake, na dansi lilikuwa limeingia mijini. Vijana wa wakati ule nao walikuwa na waimbaji wao na kelele zao. Sahani za Bombay zilisalia masandukuni, nyingine zikavunjika, maana zilikuwa za kitu kigumu kinachovunjika kama kigae. Katika hilo zilifanana na vyungu alivyoanza kuviuza.

Zisizovunjika zimenakiliwa upya, na mwalimu mwenye simu anaweza kuzitafuta akazipata kabla ya kengele kulia. Wanafunzi wa mwanzo watacheka ile mikwaruzo, na maneno mengine hawatayashika mara ya kwanza. Wapigiwe tena, kisha waulizwe wamesikia nini kabla hawajaruhusiwa kufungua kitabu. Upande mmoja wa sahani huchukua dakika tatu, na kipindi cha somo kina dakika arobaini.